Kiangazi Kinapokwisha: Nyumba Yenye Watoto Wadogo Ijiandae



Miezi ya Juni, Julai na Agosti hapa kwetu Bukoba na Muleba ni ekyanda, yaani kiangazi. Vumbi hujaa njiani, kahawa huanikwa uani, chemchemi hupungua maji na nyasi za rweya hukauka. Septemba inapoingia, mawingu huanza kukusanyika juu ya ziwa. Akina mama huchambua mbegu za maharage, akina baba hukagua paa linalovuja.

Je, nani hukagua mahali anapolala mtoto?

Somo letu la mwezi huu ni hili: homa inayoua watoto haiji siku moja na mvua ya kwanza. Huja wiki kadhaa baadaye, wakati mama yuko shambani tangu asubuhi na fedha za kahawa zimekwisha mfukoni. Basi matayarisho yafanyike sasa, wakati jua bado linawaka na nyumba ina nafasi ya kufikiri.

KWA NINI HOMA HUCHELEWA?

Mbu aenezaye malaria hutaga mayai katika maji yaliyotulia yanayopigwa na jua: madimbwi ya njiani, nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, mitaro ya bondeni. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa hupita wiki moja hadi mbili. Mbu huyo hazaliwi na malaria. Anaipata kwa kumwuma mtu mwenye vimelea. Vimelea hivyo hukua ndani ya mbu kwa siku kumi au zaidi, na katika sehemu zenye baridi, kama Kamachumu na Nshamba, huchukua muda mrefu zaidi. Halafu mbu akimwuma mtoto, hupita tena wiki moja hadi mbili kabla homa haijaonekana.

Ukijumlisha siku hizo zote utaona kwamba mvua za mwisho wa Septemba huleta wagonjwa kuanzia Novemba, na huendelea hadi Januari. Mtu akingoja aone wagonjwa ndipo atafute chandarua, amechelewa zaidi ya mwezi mzima.

Wako wanaosema migomba ndiyo inayoleta malaria, hivyo kibanja kifyekwe. Si hivyo. Mbu wa malaria hapendi vijishimo vya maji kwenye mgomba. Anapenda maji ya wazi yenye jua. Acha migomba yako. Fukia shimo la matofali lililo nyuma ya nyumba.

MULEBA IMETUFUNDISHA

Wazee wanazikumbuka mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Baada ya mvua hizo Muleba ilipatwa na mlipuko mkubwa wa malaria, na mwaka 2006 mlipuko mwingine ukaja. Katika sehemu za juu watu hawaumwi na mbu hao mara kwa mara kama watu wa mabondeni, kwa hiyo miili haijazoea kupambana na ugonjwa. Mlipuko ukitokea, wakubwa kwa wadogo huugua, na wadogo ndio wanaopoteza maisha zaidi. Mwaka 2007 kazi ya kupulizia dawa kwenye kuta za nyumba ilianza Muleba.

Baadaye mbu wakaizoea dawa iliyotiwa kwenye vyandarua vya kawaida. Mwaka 2015 watafiti waligawa Muleba vyandarua vya aina mbili: vile vya kawaida, na vingine vilivyoongezewa kiungo kinachoivunja nguvu ya mbu ya kuhimili dawa. Baada ya miezi tisa waliwapima watoto. Palipotumika vyandarua vya kawaida, watoto 42 kati ya 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Palipotumika vyandarua vipya walikuwa 29 kati ya 100. Habari hiyo ilikwenda mbali: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo juu ya vyandarua vya aina hiyo.

Tujifunze mambo mawili. La kwanza, chandarua kinasaidia sana, na aina yake ina maana. Ukipewa kipya, kitumie, usikiweke sandukuni kumngojea mgeni. La pili, hata penye vyandarua vizuri, watoto 29 kati ya 100 bado walikuwa na vimelea. Kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Lazima nyumba ijue la kufanya homa inapoingia.

KAZI TANO ZA WIKI HIZI

1. Chandarua kirudi mahali pake. Wakati wa kiangazi mbu hupungua, joto husumbua, na vyandarua vingi hukunjwa. Kitoe. Kama ni kichafu, kifue kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, ukianike kivulini, kwa sababu jua kali huiharibu dawa. Shona matundu kwa uzi. Chandarua si wavu wa kuvulia dagaa wala uzio wa vifaranga.

2. Angalia watoto wanalala wapi hasa. Katika nyumba nyingi chandarua kiko juu ya kitanda cha baba na mama, lakini mtoto wa miaka mitatu au minne amekwisha kuhamia kwenye mkeka sebuleni pamoja na kaka zake. Huyo ndiye aliyesahauliwa. Piga misumari minne ukutani, funga kamba, ning'iniza chandarua juu ya mkeka, na pindo zake zikunjwe chini ya mkeka. Mama mjamzito hupewa chandarua anapoanza kliniki, na mtoto hupewa anapochanjwa surua akiwa na miezi tisa. Kama hukupata, uliza.

3. Maji ya kunywa yachemshwe. Mwisho wa kiangazi maji ni machache; mvua ya kwanza nayo husomba uchafu wote wa miezi mitatu na kuutia chemchemini. Ndiyo maana kuhara huja mapema kuliko malaria. Weka nyumbani pakiti za dawa ya kuharisha za kuchanganya na maji. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Mpe mtoto kidogo kidogo, na aendelee kunyonya na kula. Kisha mpeleke zahanati akapewe pia vidonge vya zinki.

4. Chakula cha mtoto kisisahauliwe. Oktoba na Novemba maharage ya akiba hupungua, kwa kuwa mengine yamekwenda shambani kuwa mbegu. Mtoto akabaki na ndizi tupu. Ndizi hujaza tumbo lakini peke yake haijengi mwili. Mpondee mtoto ndizi pamoja na maharage kidogo, au dagaa waliosagwa, au karanga, na mpe parachichi au papai. Senene wakianguka mwezi wa Novemba, mdogo naye apate sehemu yake, wakiwa wamesafishwa vizuri na kusagwa. Mtoto aliyeshiba vizuri hupambana na homa kwa nguvu zaidi.

5. Tengeni nauli ya homa. Hapa tunasema na akina baba. Fedha za kahawa huingia wakati wa kiangazi, lakini homa huja wakati wa mvua. Kabla fedha hazijamalizika, baba na mama wakae pamoja, wakadirie nauli ya pikipiki kutoka nyumbani hadi kituo cha afya au hospitali wakati wa usiku, waitenge, na wote wawili wajue ilipo. Fedha hiyo isinunue sukari wala isikopeshwe jirani.

MTOTO ANABAKI NA NANI?

Tuchukue mfano. Ni mwezi wa Novemba. Mama ametoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kupalilia maharage. Wakubwa wako shuleni. Mtoto wa miaka miwili amebaki na dada yake wa miaka sita, au na bibi ambaye macho yake yamefifia. Saa nne mtoto anaacha kucheza, analala kizingitini. Dada anadhani ni usingizi. Mama anarudi saa tisa, anamkuta amepata joto kali. Baba hayupo, na mama anasema, "Tumngoje baba aamue." Baba anarudi saa tatu usiku na kusema, "Tuone kesho." Kesho yake asubuhi mtoto hawezi tena kunyonya.

Katika mfano huu hakuna asiyempenda mtoto. Lakini angalia: kutoka saa nne asubuhi hadi kesho yake yamepita karibu masaa ishirini na manne. Malaria inaweza kumfikisha mtoto mdogo katika hatari katika muda huo huo, kwa kumaliza damu yake au kwa kuingia ubongoni.

Basi mkubaliane mapema mambo mawili. Kwanza, anayebaki na mtoto afundishwe neno moja tu: mtoto akiacha kucheza au akiwa na joto, mama aitwe mara moja shambani. Pili, mama awe na ruhusa ya kuondoka na mtoto bila kumngoja mtu. Ruhusa hiyo itolewe leo, kila mtu akiwa mzima.

USIKU WA HOMA

Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi akiwa bado anacheza na kunyonya vizuri. Lakini ukiona mojawapo ya dalili hizi, usingoje kukuche:

- hawezi kunywa wala kunyonya;
- anatapika kila anachopewa;
- amepata degedege;
- amelegea, haamki vizuri au hakutambui;
- viganja vyake vimekuwa vyeupe, dalili ya kupungukiwa damu;
- anahema haraka au kifua kinabonyea ndani. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akihema mara 50 au zaidi kwa dakika moja, na wa mwaka 1 hadi 5 akihema mara 40 au zaidi, huenda ni kichomi.

Usimpe dawa ya malaria kwa kukisia, wala vidonge vilivyobaki vya ndugu yake. Si kila homa ni malaria. Kipimo cha tone moja la damu hutoa jibu baada ya dakika chache. Akikutwa na malaria atapewa dawa ya mseto kwa siku tatu, dozi sita. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya masaa nane, na dawa hiyo imezwe pamoja na chakula au maziwa. Akiitapika kabla ya nusu saa, arudiwe dozi hiyo. Hata akianza kukimbia siku ya pili, amalize dawa yote.

DEGEDEGE NA "MENO YA PLASTIKI"

Degedege si pepo wala ndege wa usiku. Ni ubongo wa mtoto uliosumbuliwa na homa au ugonjwa. Mlaze ubavu, mlegeze nguo, usimtie kitu chochote mdomoni, usimfukize moshi, na mpeleke hospitali upesi.

Wengine, mtoto akiwa na homa na kuhara, hufunua fizi, wakiona uvimbe mweupe husema ni meno ya plastiki, na kumpeleka kwa mtu ang'olewe. Uvimbe ule ni jino la kweli ambalo bado halijaota. Kulichimbua kwa chombo kichafu huleta damu nyingi, usaha, pepopunda, na kunaweza kuleta hata virusi vya UKIMWI. Na homa yenyewe inabaki pale pale, haijatibiwa, masaa yakizidi kwenda.

Mawingu yameanza kukusanyika. Kabla hayajafunguka, ning'iniza chandarua, funga nauli kwenye kitambaa, na zungumza na mwenzako.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyumba yetu, ni mtoto yupi anayelala nje ya chandarua?
2. Mtoto akipata homa usiku na baba hayupo, nani anaamua aondoke?
3. Nauli ya homa iko wapi, na nani anajua ilipo?
4. Karibu na nyumba zetu kuna mashimo gani ya matofali tunayoweza kuyafukia kabla ya mvua?