Somo: Kusali Faraghani

Watu wa Ubaruku, katika nchi tambarare ya Usangu, hulima mpunga. Maji ya mashamba hutoka katika mto Mbarali, hupita katika banio na mifereji, hata yakafika majarubani. Mgeni apitaye njiani huusifu mpunga uliositawi. Bali mkulima huenda kwanza kuutazama mfereji. Ajua ya kuwa mfereji ukijaa mchanga na magugu, jaruba litakauka, ijapokuwa mto umefurika.

Kusali ni kama mfereji huo. Neema ya Mungu haipungui, walakini moyo wa mtu huweza kuzibwa. Basi na tujifunze mambo matatu.

1. Saa na mahali

Bwana Yesu aliamka alfajiri, kungali giza, akaenda mahali pasipo watu ili asali (Marko 1:35). Tena aliwafundisha wanafunzi wake waingie ndani na kufunga mlango, wasisali ili waonekane na watu (Mathayo 6:6).

Labda utasema, “Sisi tu watoto sita, twalala chumba kimoja. Nitafunga mlango upi?” Faragha si chumba tu. Unapoamia ndege shambani, au unapokwenda kisimani peke yako, hapo nawe umepata faragha. Danieli alisali mara tatu kila siku kwa saa zake (Danieli 6:10). Nawe chagua saa moja, uishike. Asaliye siku ya mtihani tu ni kama mkulima azibuaye mfereji siku mpunga umekwisha kunyauka.

2. Maneno na kimya

Wengi wetu twaijua Sala ya Bwana kwa ghibu. Hilo ni jema. Lakini ulimi huweza kusali huku moyo unacheza mpira. Basi isali polepole. Ukifika penye chakula, simama kidogo, uwakumbuke watu wa nyumbani na jirani aliyekosa. Ukifika penye kusamehe, mtaje moyoni yule aliyekukosea. Ndivyo sala ya watu wote inavyokuwa sala yako mwenyewe.

Ukiisha kusema, nyamaza. Mtoto Samweli hakufundishwa na Eli kusema mengi, bali kuwa tayari kusikia (1 Samweli 3). Mtu asemaye daima na baba yake asimsikilize, atajuaje shauri la baba?

3. Kuzibua mfereji

Tuseme usiku mmoja mtu amefungulia maji jaruba lake, hali ni zamu ya jirani. Asubuhi apiga magoti, aomba baraka ya shamba. Je, amesali? Bwana Yesu alifundisha kwamba mtu akumbukaye ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, na aiache sadaka yake, aende apatane naye kwanza (Mathayo 5:23-24). Basi mtu huyu sharti aende kwa jirani, akiri, ayarudishe maji. Kwenda huko ni kuzito kuliko kupiga magoti. Lakini akikukwepa, maneno yake ni maji yaliyozuiliwa na mchanga.

Jambo hili lilionekana zamani katika kijiji cha Herrnhut, huko Ujerumani. Mwaka 1722 wakimbizi wa Moravia walipewa kimbilio katika nchi ya bwana mmoja, jina lake Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Walikuwa Wakristo, na walisali. Walakini waligombana hata umoja wao ukakaribia kuvunjika. Mwaka 1727 waliahidiana kuishi kama ndugu, na tarehe 13 Agosti wakashiriki pamoja Chakula cha Bwana. Tarehe 27 Agosti wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na za usiku, kila mtu asali kwa zamu yake. Zamu hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 walituma wajumbe wao wa kwanza ng'ambo. Na mwaka 1891 wamisionari wa Kanisa hilo, wakiongozwa na Theodor Meyer, wakaanza kazi Rungwe, katika nyanda zetu za juu za kusini.

Angalieni utaratibu wake: kwanza walipatana, ndipo zamu ya sala ikaanza, kisha habari njema ikatoka kijiji kidogo ikafika mbali. Maji yalipata njia.

Maswali

1. Kwa nini mkulima huenda kwanza kuutazama mfereji?
2. Mtoto asiye na chumba chake aweza kusali faraghani wapi?
3. Eli alimfundisha Samweli nini?
4. Watu wa Herrnhut walifanya nini kabla ya kugawana saa za kusali?
5. Fikiri, usiandike: Je, yuko mtu unayepaswa kumwendea leo kabla ya kusali?