MTOTO NAYE HUPIGIWA HODI
Somo la adabu za nyumbani



Asili ya somo hili ni Suratin Nur, aya ya 58 na ya 59. Humo watoto wasiobaleghe wameamrishwa kutaka ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya sala ya isha. Wakisha baleghe, hutaka ruhusa kila wakati.

Wengi huifahamu amri hii kwa upande mmoja tu, kuwa mtoto asiingie kwa mkubwa bila hodi. Lakini mtoto afunzwaye kuwa mwili wa mkubwa una sitara, hujifunza kuwa na wake una sitara. Akiona wake hauheshimiwi, funzo lote huanguka.

NYUMBA YENYE WAGENI

Itazamwe Mkuu, katika Rombo, mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro. Kila mwisho wa mwaka Wachaga walioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda kurudi kwao. Nyumba za vihambani, katikati ya migomba na kahawa, hujaa ndugu, na watoto hulazwa popote penye nafasi, pengine kitanda kimoja na mtu mzima wasiyemjua vema. Ni ukarimu, na wengi hawana nia mbaya. Na mambo ni hayo hayo Tanga na Lamu siku za Idi na arusi, na Moshi mjini katika nyumba za kupanga.

Mtume (s.a.w.) ameagiza watoto watimiapo miaka 10 watengwe malazi. Ikiwa ndugu kwa ndugu hutengwa, mgeni je?

Wala mtu asidhani khatari ni ya mabinti peke yao. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009, ukatangazwa mwaka 2011, karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walieleza kuwa walidhulumiwa kwa tendo la aibu kabla ya kutimia miaka 18.

MAFUNZO MANNE

Kwanza, majina. Tangu miaka 3 au 4 mtoto ajue viungo vyake vyote kwa majina ya adabu, si ya mzaha, apate kusema alipoguswa. Na ajue kuwa tupu zake haziguswi na mtu, ila mlezi amwoshapo au tabibu amtibupo, mzazi akiwa na habari.

Pili, kukataa. Mtoto aliyesema shikamoo ametimiza heshima. Asilazimishwe kupakatwa wala kubusiwa. Kumtii mkubwa ni wajibu, lakini hapana utii katika maasi, awe mkubwa huyo ni ami, mpangaji au mwalimu wa chuo.

Tatu, siri. Zawadi ya Idi hufichwa mpaka siku yake, kisha hujulikana na wote wakafurahi. Siri ya "usimwambie mama" haina siku yake. Hiyo mtoto ailete upesi.

Nne, kusadikiwa. Hapa ndipo baba wengi huteleza. Mtoto asemapo, hupigwa kofi kwa kumsingizia mtu mzima, au neno hufunikwa kwa kuogopa aibu. Aibu ni ya mtendaji. Kumsitiri dhalimu ni kumpa mtoto wa pili. Tena Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, ya mwaka 2009, humpasa kila ajuaye kuwa haki ya mtoto imevunjwa kupeleka habari kwa serikali ya mahali pale. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na simu 116 haina malipo.

MASWALI YA KUMWULIZA MTOTO

1. Ni nani awezaye kukuosha?
2. Mkubwa akikugusa usipopenda, utasema nini?
3. Ukiambiwa ufiche, utamwambia nani? Na yeye asipokusikiliza, utamwendea nani mwingine?

Baba asiyepata jibu la swali la tatu, na aanzie hapo usiku huu. Na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu.