Mgeni Mwenye Pembe: Chuki ya Wenyeji katika Mchezo wa Kuigiza Nafsi

Wanachuo wengi tuliowakagua katika mazoezi ya kufundisha hupenda kutumia maigizo, lakini ni wachache wajuao kwamba upo mchezo wa kuigiza usiohitaji jukwaa wala maleba. Wachezaji huketi mezani wakiwa na karatasi, kalamu na dadu, na mambo yote hutendeka kwa maneno. Mchezo huo, uitwao Dungeons & Dragons, ulibuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa huko Marekani mwaka 1974. Mmoja wao huwa msimuliaji: yeye ndiye aelezaye mji, njia na hatari, tena ndiye asemaye kwa kinywa cha kila mwenyeji. Wengine humchukua kila mtu mhusika wake na kuamua atendalo.

Wahusika hao si wanadamu peke yao. Wapo Elfi na Dwafu, na katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2008 waliwekwa pia Tiflingi wenye pembe na mkia, pamoja na watu wenye magamba wa nasaba ya joka. Basi hapo ndipo pazukapo swali linalomhusu mwalimu. Mhusika mwenye pembe afikapo lango la mji, wenyeji watampokeaje?

Wasimuliaji wachanga hukosea kwa njia mbili. Wengine humpitisha mgeni kana kwamba hana pembe kabisa. Hapo mchezaji aliyemchagua mhusika huyo kwa makusudi huona chaguo lake limepotea bure. Wengine huufanya mji mzima uwe kinywa kimoja cha matusi, kuanzia bawabu hata mtoto wa sokoni, na mchezo hugeuka adhabu. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa si la kweli. Hakuna mji ambao watu wake wote huchukia kwa kiasi kimoja na kwa sababu moja.

Sheria za mwaka 1974 zenyewe zilikuwa na busara fulani. Msimuliaji aliposhindwa kuamua jinsi kiumbe atakavyompokea mgeni, alirusha dadu mbili na kujumlisha. Jumla ya 2 hadi 5 ilikuwa uadui, 6 hadi 8 mashaka, na 9 hadi 12 mapokezi mema. Mwalimu wa hesabu atatambua kwamba kati ya njia 36 za kuanguka kwa dadu hizo, 10 ni za uadui, 10 za wema, na 16 ni za mashaka. Yaani mtu aliye wengi zaidi langoni ni yule ambaye bado hajaamua, na huyo ndiye tunayepaswa kumpa maneno mengi kuliko wote.

Kwa hiyo, katika andalio la somo, tuandike wenyeji watatu au wanne tu, na kila mmoja tumpe sababu yake. Bawabu ameagizwa na mkubwa wake, naye anaogopa kufukuzwa kazi. Muuza mikate hajapata kumwona Tiflingi hata mmoja. Amesikia habari zao kwa shangazi yake, ambaye naye alizisikia kwa mwingine. Mzee wa kisimani aliibiwa ng'ombe zamani na mtu mwenye pembe. Mwenye nyumba ya wageni hana chuki yoyote, ila anahofia kwamba wateja wake watahama. Mwanafunzi atakayezungumza na wanne hawa atagundua kwamba jibu limfaalo mmoja halimfai mwingine. Bawabu hashawishiwi kwa yale yamfanyayo muuza mikate acheke.

Tusikubali pia hadithi iliyozoeleka mno, ambamo mgeni huuokoa mji na moto au zimwi, ndipo wenyeji wampende. Hadithi hiyo humfundisha mtoto kwamba mgeni ni lazima awe shujaa ili auziwe mkate.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo kubwa zaidi kwa aibu. Katika darasa la tano la shule moja tuliwaachia watoto wamchague atakayekuwa mgeni mwenye pembe. Wote kwa sauti moja walimtaja mvulana aliyekuwa amehamia hapo karibuni, ambaye matamshi yake yalikuwa tofauti na yao. Hazikupita dakika kumi kabla wenyeji wa mchezo hawajaacha matusi ya hadithi na kuanza kutumia yale ya uwanjani. Mvulana alicheka pamoja nao, nasi tukakidhania kicheko kile kuwa furaha. Kesho yake hakuja shuleni.

Mwaka 1968, mwalimu Jane Elliott wa Riceville, katika jimbo la Iowa, aliwagawa wanafunzi wake kwa rangi ya macho ili waonje ubaguzi, kisha akawabadilisha zamu. Zoezi lake limesifiwa na kulaumiwa hata leo, kwa sababu macho ya mtoto hayavuliki. Pembe za mchezo huvuliwa. Lakini sisi tulikuwa tumezitwika kichwani mwa mtoto aliyekuwa na mzigo tayari.

Tangu hapo, mgeni hachaguliwi na darasa. Mwalimu huanza kwa kuwavika pembe watoto watatu au wanne pamoja, akianza na wale wenye sauti na marafiki wengi, na kila mmoja huulizwa faraghani kama anaridhia. Mwalimu pekee ndiye asemaye maneno ya wenyeji wenye chuki. Watoto hawapewi kazi hiyo. Tena huwa pana ishara, kama vile kugeuza karatasi juu chini, ambayo mtoto yeyote akiifanya mchezo husimama bila kuulizwa sababu.

Mwishoni zitengwe dakika kumi na tano. Karatasi za wahusika zikusanywe kwanza, ili kila mtoto arudie jina lake. Kisha mwalimu achore safu mbili ubaoni, moja ya yale muuza mikate aliyoyajua juu ya mgeni, na nyingine ya yale aliyoyadhani, awaachie watoto wazijaze. Kama wakibishana neno fulani liwekwe safu ipi, asiwaamulie upesi.