Picha ya Mwenzio ni Amana

Tarehe 6 Mei 2017, basi lililowachukua watoto wa shule ya msingi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wilayani Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva. Taifa zima lililia.

Wasomaji wapendwa, yatupasa kufikiri jambo moja. Katika msiba wa namna hii yupo mzazi ambaye bado hajaambiwa. Mwenye simu akimpiga picha majeruhi na kuituma katika makundi ya WhatsApp, picha hiyo yaweza kufika kabla ya mjumbe. Mama atapata habari za mwanawe akiwa peke yake, pasipo jamaa wa kumfariji. Huenda mtumaji hakukusudia ubaya, alitaka kupasha habari tu. Lakini habari ile haikuwa yake. Picha si mali ya mwenye simu peke yake. Ni amana ya yule anayeonekana ndani yake.

Hata pasipo msiba ni vivyo hivyo. Huko Ngorongoro wageni wengi huwapiga picha watoto wa Kimaasai. Kabla jua halijachwa, sura ya mtoto yaweza kuonekana Ulaya na Marekani, wala wazazi wake hawana habari. Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Sisi nasi twatuma picha za wanetu, jina la shule likisomeka katika sare. Tena picha nyingine hubeba alama za mahali na saa zilipopigwa, ingawa macho hayazioni. Mtu mwovu ahitaji nini zaidi?

Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 yampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongeza nguvu, nayo Tume yake hupokea malalamiko.

Basi kila nyumba na iwe na desturi hizi. Kwanza, tuombe ruhusa kabla ya kutuma. Kwa mtoto, tumwombe mzazi wake. Pili, tuzime alama ya mahali katika kamera ya simu. Tatu, picha za wagonjwa, majeruhi na marehemu tusizisambaze kamwe. Nne, tukiletewa picha hizo, ziishie kwetu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Waweza kuifuta picha katika simu yako, isifutike katika simu za watu elfu.