Flashi Zipumzike: Seva Yako ya Kwanza ya Faili

Mwenye saiba Nakuru anaijua safari ya flashi: kutoka kompyuta ya mteja hadi yenye printa, kutoka hapo hadi kwa mhariri wa picha, na virusi vikifuata nyuma. Seva ndogo ya faili inaimaliza safari hiyo. Vidokezo hivi ni vyako unayeanza, uwe na saiba mjini, studio Kiamunyi au chumba cha mwanafunzi kule Njoro.

1. Tafuta mashine ya mitumba. RAM ya GB 4 inatosha kabisa. Pesa itakayobaki nunulia diski nzuri. Kisha weka Ubuntu Server, ambayo ni ya bure.

2. Acha FTP, chukua SFTP. Zote mbili ni njia za kuhamisha faili kati ya kompyuta, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu majina yanafanana. FTP ilibuniwa na Abhay Bhushan mwaka 1971, wakati kompyuta zilizounganishwa mtandaoni zilikuwa chache mno. Hupitisha neno la siri wazi, hivyo mjuzi aliyeingia kwenye mtandao wako anaweza kulisoma. SFTP hupita ndani ya SSH, njia salama ya kuunganisha kompyuta, na kuficha kila kitu. Tena ni nyepesi kuiweka! FTP hutaka poti 21 ya amri, pamoja na poti nyingine za kubebea data, na hizo ndizo huwatoa wanaoanza jasho. SFTP hutosheka na poti 22 peke yake. Andika: sudo apt install openssh-server. Seva imesimama.

3. Kila mfanyakazi na akaunti yake. Amri ni sudo adduser, kisha jina. Mteja usimpe akaunti hata akiwa rafiki, maana akaunti hiyo humruhusu kuchungulia zaidi ya folda yake.

4. Ipe seva anwani isiyobadilika. Andika ip a uione anwani, kisha uihifadhi kwenye rauta. Usipofanya hivyo, siku moja rauta itaigawa upya na wenzako watasema seva imekufa. Kwenye kompyuta nyingine weka programu ya FileZilla, uandike sftp:// na anwani hiyo.

5. Tumia waya kwa kazi nzito. Video ya harusi ya GB 10 hupita kwenye waya wa Mbps 100 kwa kama robo saa. Na bando haliguswi, kwa kuwa faili hazitoki nje ya duka.

6. Jiandae kwa stima kupotea. Mvua za Machi hadi Mei na radi zake si za kuchezea. Nunua UPS, na nakala ya pili iweke kwenye diski inayolala nyumbani. Hili la nakala naliweka mbele ya yote niliyotaja.

7. Usifungue poti 22 kwenye rauta. Roboti za mtandaoni hubisha mlango huo usiku na mchana. Ukitaka faili ukiwa Naivasha, jifunze kwanza VPN, njia iliyofichwa ya kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali. Seva yako ina nakala za vitambulisho na PIN za KRA za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakudai uzilinde.

Anza Jumapili duka likiwa limefungwa, kwa kompyuta mbili na faili moja tu. Ikifika salama, Jumatatu waite wenzako uwafundishe.