MBA ya Muda Wote Ukiwa Kilifi: Karo Ni Swali la Tatu

Zamani mtu wa Malindi au Kilifi aliyetaka shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara ilimbidi afunge safari hadi Mombasa au Nairobi. Mwaka 2007 iliyokuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi ikageuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2013 kikapata hati ya kujitegemea: Chuo Kikuu cha Pwani. Siku hizi MBA inasomwa papo hapo kando ya barabara ya Malindi, na kutoka stejini ni safari ya tuktuk tu.

Tangu nimalize MBA yangu, majirani na wenzangu wa kazi hunijia na swali moja: karo ni ngapi? Huwaambia hilo ni swali la tatu. La kwanza ni iwapo utaingia. La pili ni utaketi na nani darasani.

Kuingia

Vyuo vingi vya Kenya vinataka shahada ya kwanza ya daraja la pili, kitengo cha juu. Mwenye kitengo cha chini huulizwa uzoefu wa kazi, kwa kawaida miaka 2. Aliyesomea nje ya nchi sharti shahada yake itambuliwe rasmi nchini kwanza. Mtihani wa GMAT, ambao alama zake siku hizi huanzia 205 hadi 805, ni kwa anayetupia macho shule kama Harvard au INSEAD. Huku kwetu vyuo vingi havikuulizi.

Kinachowaangusha watu wa Pwani ni makaratasi. Mtu ni Mohamed kwenye cheti cha KCSE na Muhammad kwenye kitambulisho. Mwingine ni Kadzo huku na Kazo kule. Ofisi ya usajili haina habari kwamba ni mtu mmoja. Nenda kwa wakili mapema ukale kiapo, na papo hapo akupigie muhuri nakala za vyeti. Transkripti nazo ziagizwe miezi kabla, hasa kama ulikosoma ni mbali.

Kuhusu barua za mapendekezo, usikimbilie mwakilishi wadi kwa sababu jina lake linajulikana. Mkuu wa idara aliyekuona ukifunga hesabu za mwaka, au mhadhiri aliyesimamia mradi wako, ataandika mambo yanayomhusu mwombaji. Mheshimiwa ataandika kwamba unatoka katika familia nzuri.

Wanaoketi darasani

Wanaoacha kazi kabisa wakasome ni wachache. Darasa la mchana huwa na vijana waliotoka shahada ya kwanza juzi, pamoja na wafanyakazi wawili watatu waliopewa likizo ya masomo. Watu wa benki, walimu, maafisa wa kaunti, wahasibu wa hoteli na wafanyakazi wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti kilichoanza Kilifi mwaka 1989, utawakuta jioni na wikendi. Harvard, iliyoanzisha MBA mwaka 1908, huingiza wanafunzi zaidi ya 900 kwa mwaka na humchagua kila mmoja ili darasa lichanganyike. Hapa mchanganyiko huo utautafuta mwenyewe.

Na mchanganyiko huo una faida. Siku moja tulikuwa kwenye mtaji wa kuendeshea biashara, kitabu kikieleza kampuni ya Marekani inayouza sawasawa mwaka mzima. Mhasibu mmoja wa hoteli ya Watamu akainua mkono. Akaeleza jinsi masika yanavyoingia, wageni wakaisha, hoteli nyingine zikafunga hadi Juni, ilhali bili ya stima, walinzi na mikopo haviendi likizo. Akachora kwenye ubao pesa za Desemba zinavyogawanywa kufika Julai. Mhadhiri akafunga kitabu. Kijana asiyewahi kushika daftari la mishahara alipata somo lile kwa sababu tu alihamia kipindi cha jioni. Kwa hiyo hata ukisajiliwa muda wote, omba kuchukua baadhi ya masomo na watu wa jioni.

Hesabu

Karo ni sehemu inayoonekana. Anayelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi akiacha kazi miaka 2 ameachia shilingi 1,440,000 kabla hajalipa muhula wa kwanza. Weka juu yake kodi ya chumba, kompyuta na nauli, halafu ulinganishe na mwenzako anayesoma jioni huku mshahara unaingia. Kwa asiye na ajira hesabu hiyo hugeuka, na muda wote unakuwa na mantiki.

Gharama inayowashtua wengi ni ya tasnifu. Masomo ya darasani huisha kwa wakati wake, kisha mtu hukwama kwenye utafiti muhula baada ya muhula, na kila muhula una ada yake. Kuna kibali cha utafiti cha NACOSTI, kuna uchapishaji wa nakala, kuna safari za kukusanya data. Chagua mada iliyo karibu nawe. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kina maswali ya usimamizi ya kutosha, na wakulima waliokiuzia bado wako vijijini.

Pesa za nje zipo. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha pia wanafunzi wa uzamili, na baadhi ya waajiri hulipa karo kwa sharti la mkataba wa kurudi kazini. Soma mkataba huo mpaka mwisho, kwani anayeondoka mapema hurudisha fedha.

Kabla ya kulipa chochote, ingia tovuti ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu uhakikishe kozi imeidhinishwa. Kisha nenda idarani ana kwa ana na maswali manne: waliojiunga miaka 3 iliyopita wangapi wamehitimu? Msimamizi wangu wa tasnifu atakuwa nani, na ana wanafunzi wangapi tayari? Karo inahesabiwa kwa muhula au kwa somo? Wanafunzi wa muda wote wasipotimia, tutaunganishwa na wa jioni? Majibu yaandike, yapige tarehe, na ukipata barua ya kukubaliwa uyalinganishe na kilichoandikwa humo.