Kata Maua, Upate Maua

Sisi tuliokulia karibu na ikweta, tukihamia nchi za baridi, huanza bustani kwa pupa. Theluji inayeyuka mwezi wa nne, jua linawaka, mikono inawasha kushika jembe. Subiri. Hapa Minneapolis baridi ya kugandisha inaweza kurudi hata katikati ya Mei, na usiku mmoja wa namna hiyo unatosha kuua miche yote ya zinia. Tia mkono kwenye udongo asubuhi. Ukiwa bado wa baridi, mbegu itakaa humo mpaka ioze. Nilisubiri mwisho wa Mei, nikapanda zinia na kosmosi moja kwa moja ardhini, na haikufika wiki zinia zikachomoza.

Nilichagua maua matatu: zinia, kosmosi na dalia. Yote asili yake ni Meksiko, ambako dalia ni ua la taifa, na yote yanapenda jua. Jua hapa mwezi wa Juni halina uchoyo, mchana unazidi saa 15. Udongo wa nyuma ya nyumba ni mfinyanzi, kwa hiyo nilichanganya mboji ya kutosha upande wa zinia na dalia. Kosmosi niliinyima. Ukiishibisha mbolea inarefuka, inajaza majani, na maua yanachelewa.

Kazi yenyewe inaanza zinia ikifika kama sentimita 25. Chukua mkasi, ukate ncha juu kidogo ya jozi ya tatu ya majani. Najua inauma, mche wenyewe ndio kwanza umechangamka. Lakini ncha ile hutengeneza homoni inayoyazuia machipukizi ya pembeni yasikue. Ukiiondoa, kila jozi ya majani iliyobaki inatoa matawi mawili, na shina lililokuwa lilete ua moja linakuwa kichaka.

Julai maua yakafunguka. Inama ulitazame ua la zinia kwa karibu. Petali za rangi zimezunguka kitovu, na pembeni mwa kitovu hicho kuna pete ya maua madogo sana ya manjano, kila moja lina umbo la nyota. Humo ndimo mna chavua. Baada ya siku chache pete nyingine inafunguka ndani ya ile ya kwanza, kisha nyingine, na kitovu kinazidi kuinuka. Nyota zikiisha na kitovu kikawa cha kahawia, mmea umeanza kutunga mbegu, na kwa mmea wa msimu mmoja hiyo ndiyo shabaha ya maisha yake yote. Ukiuachia umalize, unapunguza kuchanua. Kwa hiyo kata, tena kata shina refu, hadi kwenye tawi la chini. Kama unataka maua ya chombo, shika shina sentimita 20 chini ya ua ulitikise: likiyumba, liache, likisimama imara, litadumu mezani. Kila nilipopeleka shada kwa jirani, nyuma yake yalikuja maua mengi zaidi.

Mwagilia shinani, asubuhi. Majani yakilala na unyevu na miche ikibanana, ubwiri unga unaingia, ule unga mweupe unaotambaa juu ya jani. Acha nafasi ya sentimita 30 hivi kati ya mche na mche. Mwezi huohuo wanafika mbawakavu wa Kijapani, wadudu wanaong'aa kijani na shaba, waliogunduliwa Marekani mwaka 1916 kule New Jersey. Wanatafuna petali mchana kweupe. Asubuhi mapema wanakuwa wazito kwa baridi, wasukume tu kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Upande wenye kivuli nilipanda Impatiens walleriana, ua ambalo vitalu vya hapa vinaliuza kwa wingi na ambalo asili yake ni kwetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Kando yake nilitundika kikapu cha Thunbergia alata, ile inayotambaa, ya rangi ya chungwa na jicho jeusi. Nilimpigia mama simu ya video, akaitazama vizuri. “Mwanangu, hii si ndiyo tunayoifyeka kwenye ua kila masika? Umeinunua?” Nimeinunua, mama, na nitainunua tena.

Agosti dalia nazo zikachanua, na vipepeo wa monaki wakaanza kutua kwenye zinia kujaza nguvu za safari ya Meksiko. Kuanzia Septemba punguza kukata. Acha vichwa vya kosmosi vikauke, ndege wadogo wa manjano watafuata mbegu.

Baridi ya kwanza ikishayageuza majani ya dalia kuwa meusi, kata shina libaki fupi, uchimbe viazi vyake kwa uma wa bustani ukianzia mbali na shina, maana shingo ya kiazi ikivunjika hakitachipua. Vipangusie udongo, uvifukie kwenye maranda ndani ya sanduku, mahali pa baridi pasipogandisha, nyuzi 4 hadi 10 za Selsiasi. Vichwa vya zinia vilivyokauka vifikiche na kuhifadhi mbegu kwenye bahasha ya karatasi. Zangu nyingi ni chotara, kwa hiyo watoto hawatafanana na mama zao, na nina hamu kubwa ya kuona watatoka na rangi gani.